Miguu Imara kwa Mwendesha Baiskeli: Mazoezi ya Kufanya Ndani ya Lupango (Uani Kwako), Bila Mashine

Lubumbashi imekaa juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini ardhi yake imelala. Mtu anaweza kutoka Katuba au Ruashi akakanyaga pedeli mpaka katikati ya mji bila kukutana na mlima wa kumshusha. Kwa hiyo wengi wetu tunaotumia baiskeli kila siku tuna pumzi nzuri na miguu isiyochoka upesi, ila nguvu yenyewe ni kidogo. Upungufu huo hujitokeza siku ya mzigo, siku ambayo mchanga umejaa pembeni mwa njia ya Kipushi, au siku unapoamua kwenda Likasi, kilomita kama 120, ukagundua kwamba miinuko ambayo kwenye gari huioni inakutafuna mapaja.

Tena baiskeli yenyewe haiujengi mguu wote. Ukikanyaga, msuli wa mbele ya paja unajikaza na kusukuma chini, kisha mnyororo unachukua kazi. Mguu hauombwi kuzuia uzito unaoshuka, kama unavyoombwa mtu anapoteremka ngazi na ndoo ya maji. Goti halinyooki kabisa, na nyonga inabaki imekunjwa tangu unapopanda mpaka unaposhuka. Misuli ya makalio na ya nyuma ya paja, ambayo ndiyo yenye nguvu kubwa mwilini, inafanya kazi nusunusu. Hata mifupa haipati mshindo wa kutosha wa kuifanya iwe migumu, kwa sababu uzito wa mwili umekalia kiti. Nilichoandika hapa kinajaza pengo hilo. Hakuna mashine, hakuna umeme, na eneo la mkeka mmoja uani linatosha.

Nawaandikia wote: vijana wanaoleta makala (mkaa) kutoka porini, wanafunzi wanaokwenda chuo kikuu Kasapa, na wale wanaotoka Jumapili alfajiri kwa kupenda mwendo tu. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilotibiwa, mimba, au goti lililowahi kupasuliwa, amuone daktari kwanza.

Kwanza pima kiti cha baiskeli

Haina maana kuimarisha mguu kisha ukaurudisha kwenye baiskeli inayouharibu. Pale kwa mafundi wa baiskeli kando ya barabara utasikia kijana akilalamika, "Yaya, magoti inaniluma," na fundi mzoefu hamjibu habari ya dawa. Anamwambia, "Pandisha kiti kwanza, mudogo."

Fundi ana haki. Wabeba mizigo wengi hushusha kiti sana ili miguu yote miwili ifike chini baiskeli ikisimama. Hilo linaeleweka, maana magunia yakiinama upande mmoja ni hatari. Lakini kiti kikiwa chini mno, goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko, na pia ya goti inagandamizwa dhidi ya mfupa wa paja maelfu ya mara kwa siku. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanatoka hapo. Yakija nyuma ya goti, shuku kinyume chake, kiti kiko juu mno.

Pima hivi. Egemeza baiskeli ukutani, kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila wewe kuinamisha nyonga upande. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo tu, nyuzi 25 hadi 35 hivi. Kama kiti chako kiko chini sana, usikipandishe chote siku moja. Ongeza nusu sentimita au sentimita moja, endesha siku kadhaa, kisha ongeza tena, ili mwili uzoee. Usivuke alama iliyochongwa kwenye nguzo ya kiti, kwa sababu nguzo inaweza kuvunjika.

Mbeba mzigo ambaye kweli hawezi kuendesha na kiti kirefu, akipandishe angalau wakati wa kurudi porini bila gunia. Safari nzima ya kwenda itapumzisha goti.

Jipime kabla ya kuanza

Chukua kiti cha mbao cha kawaida, kile ambacho ukikikalia mapaja yanalala sawa na ardhi. Kaa, kunja mikono kifuani, inua mguu mmoja mbele, simama kwa mguu uliobaki, kisha kaa taratibu bila kuanguka. Hesabu mara ngapi unaweza. Badilisha mguu. Andika namba zote mbili mahali.

Karibu kila mtu atakuta mguu mmoja umeuzidi mwingine. Kwenye baiskeli hilo linajificha, kwa sababu mguu wenye nguvu unabeba ndugu yake bila kelele. Mazoezi mengi hapa chini yanafanywa mguu mmoja mmoja kwa sababu hiyo hasa. Ukishindwa hata mara moja, usivunjike moyo. Utaanza na miguu miwili.

Pasha mwili joto

Dakika 5 hadi 10. Tembea haraka, inua magoti juu ukiwa umesimama mahali pamoja, shika ukuta ubembeze mguu mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Kama umetoka barabarani sasa hivi, mwili tayari una moto. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu ya kiangazi ikiwa imeuma, ongeza dakika nyingine tano, au fanya mazoezi jioni.

Zoezi la kwanza: kuchuchumaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila mtu anadhani analijua zoezi hili. Sisi tumekua tukichuchumaa: kuwasha mbabula, kufua, kuchambua sombe, kupiga gumzo uani. Kushuka chini si shida yetu. Shida ni kwamba tunashuka kwa kujiachia na kusimama kwa kusukuma magoti kwa mikono. Zoezi linataka ushuke kwa kujizuia.

Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, vidole vikielekea nje kidogo. Nyosha mikono mbele. Anza kwa kurudisha makalio nyuma, kama unatafuta kiti ambacho hukioni, ndipo magoti yakunjike. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu. Mapaja yakifika sawa na ardhi, tulia kwa hesabu moja, kisha sukuma ardhi kwa wayo mzima na usimame. Vuta pumzi unaposhuka, itoe unapopanda. Usiibane, hasa ukiwa na uzito mkononi, maana kubana pumzi kunapandisha shinikizo la damu.

Visigino visiinuke. Kifua kisianguke mbele. Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote: magoti yafuate vidole. Goti ni bawaba ya mlango. Linafunguka na kufunga vizuri upande mmoja, ukilipinda kando linalia. Watu wengi, wakianza kuchoka, magoti yao yanaingia ndani na kutaka kugusana. Hiyo inaonyesha kwamba misuli ya pembeni mwa nyonga ni dhaifu. Mtu huyohuyo ukimtazama kwa mbele akiendesha, utaona goti lake linakwaruza fremu. Mwite mtoto asimame mbele yako akutazame, akwambie goti gani linaingia ndani. Watoto huipenda sana kazi hiyo na hawakuhurumii.

Anza na seti 2 za mara 8, ukipumzika dakika moja na nusu katikati. Kama huna uhakika, weka kiti nyuma yako uguse kwa makalio kabla ya kusimama. Ukiweza seti 3 za mara 12 bila magoti kuyumba, kumbatia kifuani bidoni (dumu) ya lita 5 iliyojaa maji. Hizo ni kilo 5. Baadaye mkoba wa mgongoni wenye mchanga, kilo 10, kisha 15. Mwenye kubeba magunia kila siku anaweza kufikiri kilo 5 ni utani. Ajaribu kushuka kwa hesabu ya tano badala ya tatu, ndipo tuzungumze.

Zoezi la pili: kupanda kipandio

Ningeambiwa nichague zoezi moja tu kwa mtu wa baiskeli, ningechagua hili. Mguu mmoja unakunjwa, unasukuma, unanyooka, na mwenzake unasubiri zamu. Ni mwendo wa pedeli hasa, ila sasa unabeba uzito wako wote, na unalazimika kuushusha tena kwa utaratibu.

Tafuta ngazi ya baraza, tofali kubwa lisiloyumba, au kreti ya bia iliyopinduliwa juu ya sakafu ngumu. Urefu wa sentimita 20 unatosha kuanzia. Kreti ina karibu 30. Jaribu kwa mkono kwanza uone kama haitelezi.

Weka wayo wote juu, kisigino kikiwa ndani, si nusu hewani. Inamisha mwili mbele kidogo, sukuma kwa kisigino, simama juu mpaka nyonga inyooke. Kosa kubwa ni mguu wa chini kuruka ili kusaidia. Ukitaka kuuzuia, inua vidole vya mguu huo, ukanyage kwa kisigino tu. Hautaweza kuruka. Kisha shuka kwa hesabu ya tatu, ukigusa ardhi polepole bila kishindo. Kishindo kikisikika, ujue umejiachia.

Mara 8 kila mguu, seti 2, baadaye 3. Anza na mguu dhaifu, ule uliouandika, na mguu wenye nguvu usizidishe idadi ya mwenzake. Hivyo ndivyo watakavyolingana. Uzito unaongezwa kwa bidoni mikononi.

Zoezi la tatu: hatua ya nyuma

Simama wima, peleka mguu mmoja nyuma hatua ndefu, shuka mpaka goti la nyuma likaribie ardhi, kisha rudi kwa kusukuma na mguu wa mbele. Wengi hufundishwa kupiga hatua mbele. Ya nyuma naipenda zaidi kwa watu wenye magoti yaliyochoka, kwa kuwa goti la mbele halipigwi breki ghafla. Mara 8 kila upande, seti 2. Ukiyumba, shika mti wa mwembe au ukuta kwa vidole viwili.

Zoezi la nne: kuinua nyonga

Tandika mkeka. Lala chali, kunja magoti, wayo zote chini, visigino karibu na makalio. Kaza makalio, inua nyonga mpaka mabega, nyonga na magoti yawe mstari mmoja. Shikilia kwa hesabu mbili ukiwa umekaza kwelikweli, kisha shuka. Mara 12, seti 3.

Zoezi linaonekana jepesi, na wanaume wengine wanaona aibu kulifanya mbele ya watu. Waone aibu, lakini walifanye. Mtu aliyeinama juu ya usukani saa nyingi, kisha akafika nyumbani akakaa, makalio yake yanasahau kazi, na mgongo wa chini unaibeba badala yake. Maumivu ya kiuno baada ya safari ndefu mara nyingi yana mzizi hapo. Ukisikia kazi yote iko nyuma ya paja na misuli inakakamaa, sogeza visigino karibu zaidi na mwili. Ukilimudu, nyosha mguu mmoja hewani, uinue kwa ule uliobaki.

Zoezi la tano: kuinama kwa mguu mmoja

Hili ni la misuli ya nyuma ya paja. Simama kwa mguu mmoja, goti limelegea kidogo, mkono mmoja ukutani. Inama kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka kama ubao, huku mguu wa pili ukienda nyuma. Ukisikia nyuma ya paja inavutika, rudi juu. Mgongo ukianza kupinda, umeshuka mno. Mara 8 kila mguu, seti 2.

Visigino na kiwiliwili

Haya mawili ni ya kumalizia na hayataki maelezo mengi. Simama ukingoni mwa ngazi kwa mbele ya wayo, inua visigino mpaka juu kabisa, vishushe chini ya ngazi taratibu, mara 15. Seti ya kwanza goti limenyooka, ya pili limekunjwa kidogo, maana shavu la mguu lina misuli miwili na kila mmoja unataka hali yake.

Kisha lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa mstari mmoja, sekunde 20 hadi 40, mara tatu. Kiwiliwili kikilegea, nguvu ya mguu inapotelea kiunoni kabla haijafika kwenye pedeli. Anayeendesha na mzigo nyuma analijua hilo: gunia likitikisika, tumbo ndilo linaloshika baiskeli.

Kupanga wiki

Mara mbili kwa wiki zinatosha, tatu ukiwa huendeshi sana. Acha angalau saa 48 katikati. Jumanne na Ijumaa ni mfano mzuri kwa anayetoka Jumapili. Kama siku hiyo unaendesha pia, tangulia baiskeli, mazoezi yafuate. Ukiifanya kinyume, utaingia kwenye msongamano wa malori ukiwa na miguu inayotetemeka.

Si lazima ufanye yote saba kila mara. Wiki mbili za kwanza fanya kuchuchumaa, kipandio, kuinua nyonga na lile la kujiinua kwa viwiko. Mengine yaongeze ukishazoea. Kazi nzima haizidi dakika 40.

Kesho yake na siku ya pili misuli itauma, hasa ukishuka ngazi. Maumivu hayo huanza baada ya saa 12 hadi 24 hivi na mara nyingi huondoka ndani ya siku tatu hadi tano. Tembea, endesha polepole, yatapita. Lakini maumivu makali yenye kuchoma ndani ya goti, goti kuvimba, au kukwama lisinyooke, hayo si ya mazoezi. Simamisha, na yasipopoa nenda kwa daktari au kwa mtaalamu wa viungo. Usipake dawa ya moto ukaendelea.

Katika wiki tatu au nne za mwanzo utajiona una nguvu zaidi ingawa paja halijanenepa. Mishipa ya fahamu ndiyo iliyojifunza kuiita misuli mingi kwa pamoja. Msuli wenyewe huchukua wiki sita hadi nane kuonyesha mabadiliko. Wengi huacha katikati ya kipindi hicho, na inasikitisha, kwa kuwa walikuwa wamebakiza kidogo. Wiki ya nne punguza kazi nusu, mwili ujijenge, kisha endelea.

Msuli haujengwi kwa bukari (ugali) peke yake. Mtu wa kilo 65 anayefanya kazi hii anahitaji karibu gramu 80 hadi 100 za protini kwa siku. Si lazima iwe nyama. Maharagi, karanga, kapenta, yai, na vinkubala (viwavi wa kuliwa) vikifika msimu wake, vyote vinajenga mwili. Kula ndani ya saa mbili baada ya mazoezi, na ulale vya kutosha.

Kuirudisha nguvu barabarani

Baada ya wiki nne, anza kuihamishia nguvu kwenye pedeli. Baiskeli zetu nyingi hazina gia, na kwa zoezi hili hiyo ni faida. Tafuta barabara tulivu ndani ya kartye, asubuhi kabla magari hayajaamka. Usiende kulifanyia kwenye njia ya Kasumbalesa, malori ya shaba hayana subira na mtu anayesimamasimama. Simamisha baiskeli kabisa, kaa kwenye kiti, kisha ondoka kwa nguvu zako zote kwa mikanyago 8 bila kusimama juu ya pedeli. Endesha taratibu dakika mbili. Rudia mara 5 au 6. Mara moja kwa wiki inatosha.

Wale mabingwa tuliowaona Kigali mwezi wa tisa 2025, katika mashindano ya dunia ya barabarani yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, wana baiskeli nyepesi na makocha. Hata hivyo waendeshaji wa ngazi ile nao hushuka kwenye baiskeli wakachuchumaa na uzito begani. Mbio za wanaume siku ile zilikuwa na zaidi ya mita 5,000 za kupanda, na Tadej Pogačar wa Slovenia alizishinda. Kwa mapafu peke yake hakuna anayezimaliza mbio za namna hiyo.

Ukifika wiki ya nane, rudi kwenye kiti cha mbao, ujipime tena kwa mguu mmoja mmoja, ulinganishe na namba ulizoandika. Kama pengo kati ya miguu limepungua, ongeza kilo mbili au tatu na uendelee hivyohivyo. Kama halijapungua, mpe mguu dhaifu seti moja ya ziada kwenye kipandio. Wiki yenye mizigo mingi au safari ndefu, fanya siku moja tu ya mazoezi, kipandio na kuinua nyonga, seti mbili mbili. Kiasi hicho kinatosha kulinda ulichokwisha kukijenga mpaka wiki nyepesi irudi.